Msiwatie Wakathari na Frimasoni kapu moja

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu "vyama vya siri vya Magharibi" ilijaza kurasa mbili, na tangu hapo safu hii ya barua haina habari nyingine. Nimeisoma makala na nimezisoma barua zote. Nilifundisha historia ya Kanisa katika vyuo vya uchungaji mpaka nilipostaafu, na nimeshika kalamu kwa sababu kurasa zile mbili zimewadhulumu tena watu waliokwisha kudhulumiwa, na hawana wa kuwasemea.

Mwandishi wenu amejenga ngazi. Chini kawaweka Wakathari, juu yao Watemplari, halafu Warosikrusi, halafu Frimasoni, na kileleni Iluminati. Anasema siri moja ilirithishwa kizazi hadi kizazi kwa karne nyingi. Ngazi hiyo haikuwepo. Walioibuni wanajulikana kwa majina na kwa miaka, nami nitawataja. Lakini kwanza niwazungumzie wale wa chini kabisa, maana hao ndio waliochomwa moto.

Wakathari waliishi kusini mwa Ufaransa ya leo, maeneo ya Toulouse, Albi na Carcassonne, katika karne ya 12 na ya 13. Waliamini kwamba ulimwengu huu unaoonekana ni kazi ya mwovu, na kwamba roho ya binadamu imefungwa ndani ya mwili. Viongozi wao, waliojulikana kwa watu wa kwao kama Watu Wema, walikuwa wanaume na wanawake. Hawakula nyama, mayai wala maziwa; hawakuapa; hawakuua. Ibada yao kuu ilikuwa kuwekewa mikono, ambayo muumini wa kawaida aliipokea akiwa karibu kukata roho. Mimi ni Mlutheri na mafundisho hayo siyakubali hata kidogo, kwa kuwa naamini Mungu aliumba ulimwengu akaona kuwa ni mwema. Lakini siri iko wapi hapo? Mwaka 1207, katika mji wa Montréal karibu na Carcassonne, Watu Wema walijadiliana na wajumbe wa Papa kwa siku kadhaa, hadharani, mbele ya waamuzi. Nyumba zao zilijulikana. Mtu aliyetaka kuwasikiliza aliwaendea mchana kweupe.

Mwaka uliofuata mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa, na Papa Inosenti III akatangaza vita vya msalaba dhidi ya Wakathari. Tarehe 22 Julai 1209 jeshi liliingia Béziers. Abate Arnaud Amaury, aliyekuwa mjumbe wa Papa katika jeshi hilo, alimwandikia Papa kwamba watu karibu 20,000 wameuawa kwa upanga bila kujali cheo, umri wala jinsia. Huenda hesabu hiyo aliikuza. Kinachonitetemesha ni kwamba aliiandika kama taarifa ya kazi iliyokwenda vizuri. Vita vilikwisha 1229. Mwaka 1244 ngome ya Montségur ilisalimu amri, na tarehe 16 Machi watu zaidi ya 200 waliokataa kuikana imani yao waliteketezwa chini ya mlima ule. Makala yenu imewapita watu hao kwa sentensi moja ili ifike haraka kwenye "hazina ya Montségur". Basi niseme kuhusu hazina. Watu waliohojiwa baada ya ngome kuanguka waliieleza: dhahabu, fedha na sarafu nyingi, zilizotolewa nje kabla ya mwisho. Ilikuwa akiba ya kanisa linalowindwa.

Usiri ulikuja baada ya hapo, na ulikuja kwa kulazimishwa. Mwaka 1245 na 1246, watawa wawili wa Kidominiko waliopewa kazi ya kuwasaka wazushi, Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre, waliwaita Toulouse watu zaidi ya 5,000 kutoka vijiji vya jirani, kijiji baada ya kijiji. Maswali yalikuwa yale yale. Je, uliwahi kumwona mzushi? Wapi, lini, pamoja na nani? Je, ulimpigia magoti? Ulimpa chakula? Ulimsikiliza akihubiri? Mwanakijiji alijibu kwa lugha yake ya kusini, karani akaandika kwa Kilatini, akiyapanga majibu kwa mfuatano wa maswali. Tunayoyajua kuhusu Wakathari, kwa sehemu kubwa sana, yamepitia kalamu ya namna hiyo. Ndiyo maana wanahistoria wa leo wanabishana hata kama Wakathari waliwahi kuwa kanisa moja lenye mpangilio, au kama ni wahojaji waliowapa umbo hilo kwa kuuliza maswali ya aina moja kila mahali. Mimi nadhani kanisa lilikuwepo. Lakini ukilijua bishano hilo, unaona jinsi ilivyo kazi bure kutafuta humo siri za kuwarithisha Watemplari.

Naomba nafasi ya kukaa kidogo kwenye rejista moja ya mahojiano ya namna hiyo, kwa kuwa nimeisoma na wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka na hainichoshi. Kati ya 1318 na 1325, askofu wa Pamiers, Jacques Fournier, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XII, aliwahoji watu wa milima ya Pyrenees, baadhi yao wakitoka kijiji kidogo cha Montaillou. Alikuwa mhojaji mwenye subira ya ajabu. Mwaka 1320 aliletwa mbele yake Béatrice de Planissoles, mjane wa bwana aliyesimamia ngome ya Montaillou. Alikuwa amejaribu kutoroka, na alipokamatwa wakaupekua mfuko wake. Karani akaorodhesha vilivyokuwamo. Kulikuwa na vitovu vikavu vya watoto wachanga, vitambaa vyenye damu, punje za ubani, kioo, kisu kidogo kilichofungwa kwenye kitani, na mbegu za mmea fulani.

Msomaji wa makala yenu angeshangilia hapo: vifaa vya ibada ya giza! Askofu aliuliza kila kitu ni cha nini, na Béatrice akajibu. Vitovu ni vya wajukuu zake wa kiume. Mwanamke mmoja Myahudi aliyebatizwa alimwambia akitembea navyo hatashindwa kesi mahakamani. Ubani ni wa maumivu ya kichwa ya binti yake. Damu ni ya hedhi ya kwanza ya binti huyo huyo, Philippa, iliyotunzwa ili mume wake wa baadaye ainywe na asimpende mwanamke mwingine. Askofu alitafuta uzushi, akakuta bibi na mama mwenye hofu za kila bibi na mama. Hata hivyo Béatrice alifungwa mwaka 1321, na alipotolewa mwaka uliofuata alitakiwa kuvaa misalaba ya njano kwenye nguo zake, kila amwonaye ajue.

Mwaka huo huo wa 1321 alichomwa Guillaume Bélibaste, Mtu Mwema wa mwisho anayejulikana katika nchi hiyo, mjini Villerouge-Termenès. Alisalitiwa na Arnaud Sicre, kijana aliyejifanya muumini, akala naye, akasali naye, kwa tamaa ya kurudishiwa mali ya mama yake iliyotaifishwa. Baada ya hapo hakuna chochote. Hakuna aliyebaki wa kumpokeza mtu siri.

Wawaldo, ambao makala imewataja kama "tawi la siri la Wakathari", hawakuwa tawi la Wakathari kabisa. Mfanyabiashara mmoja wa Lyon, aitwaye Valdes, aligawa mali yake miaka ya 1170, akaagiza sehemu za Maandiko zitafsiriwe kwa lugha ya watu, akaanza kuhubiri. Wafuasi wake walikwenda wenyewe Roma mwaka 1179, kwenye mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, kuomba ruhusa. Mtu wa chama cha siri hapigi hodi kwa Papa. Walitengwa na Kanisa mwaka 1184, na kuanzia hapo wahubiri wao walitembea wawili wawili, wakijifanya wachuuzi, wakilala kwa waumini wanaojulikana, wakiondoka kabla jogoo hajawika. Wameishi hivyo zaidi ya miaka 300, mpaka walipojiunga na Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1532. Mwaka 1848 mfalme Carlo Alberto aliwapa haki za raia. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliingia katika hekalu lao mjini Turin akawaomba msamaha kwa niaba ya Kanisa Katoliki. Wako hai, wana makanisa na anwani. Mwandishi wenu angeweza kuwaandikia.

Baadhi yao walihamia zamani Calabria, kusini mwa Italia, wakajenga mji unaoitwa leo Guardia Piemontese. Mwezi Juni 1561 waliuawa kwa halaiki, na lango moja la mji linaitwa mpaka leo Lango la Damu. Waliosalia walilazimishwa kurudi katika Ukatoliki. Na milango ya nyumba zao iliwekewa kidirisha kidogo, kiasi cha uso wa mtu, kinachofunguliwa kutoka nje tu. Watawa wangeweza kupita wakati wowote, wakakifungua, wakachungulia ndani familia inafanya nini: inasali sala gani, inaongea lugha gani. Vidirisha hivyo bado vipo, wageni huonyeshwa. Nikisikia mtu anaongea kuhusu "waliojificha katika historia ya Magharibi", mimi huwaza familia iliyo ndani ya mlango ule, maana haikuruhusiwa kujificha hata ndani ya nyumba yake.

Uingereza nako. Wafuasi wa John Wycliffe, Walolardi, walikuwa na kitu kimoja cha hatari, nacho kilikuwa kitabu: Biblia kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 1401 iliruhusu kuchoma wazushi, na miaka michache baadaye askofu mkuu Arundel alipiga marufuku kutafsiri Maandiko bila idhini. Mwaka 1429, mbele ya askofu wa Norwich, mama mmoja aitwaye Joan Clifland alimtolea ushahidi jirani yake, Margery Baxter. Alisema Margery alinyoosha mikono yake akasema huu ndio msalaba wa kweli, wa kuusujudia hapa nyumbani kwako. Alisema Margery alimwalika aje usiku kwa siri chumbani, amsikilize mume wake akisoma sheria ya Kristo katika kitabu. Na mtumishi mmoja aliyeingia nyumbani kwa Margery wakati wa Kwaresima alikuta chungu kimefunikwa motoni, ndani kuna kipande cha nyama ya nguruwe. Ushahidi ndio huo: mikono iliyonyooshwa, kitabu kinachosomwa usiku, na chungu. Wycliffe mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1384, lakini mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa, ikachomwa, na majivu yakamwagwa mto Swift.

Nisije nikaonekana nawasema Wakatoliki peke yao. Zürich ya mwanamatengenezo Zwingli ilimzamisha Felix Manz katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527 kwa sababu alifundisha ubatizo wa watu wazima, na wenzake wakalazimika kukutana usiku. Geneva ya Calvin ilimchoma Michael Servetus mwaka 1553. Na Uingereza ilipogeuka kuwa ya Kiprotestanti, zamu ya kujificha ikawa ya Wakatoliki. Sheria ya mwaka 1585 ilifanya kuwa uhaini kwa padri aliyepewa daraja ng'ambo kuonekana nchini humo. Fundi mmoja, bruda Nicholas Owen, mfupi wa kimo na mwenye kuchechemea, alizunguka kwa miaka mingi katika nyumba za Wakatoliki akijenga maficho: chini ya ngazi, nyuma ya mahali pa moto, ndani ya ukuta mnene. Mchana alifanya ukarabati wa kawaida ili watumishi wasishuku. Kazi ya kweli aliifanya usiku, peke yake. Mwaka 1606 njaa ilimtoa katika maficho ya Hindlip House, akateswa katika Mnara wa London mpaka akafa, wala hakutaja hata ficho moja. Namheshimu mtu huyu kuliko wote niliowataja hapa, na yeye si wa kanisa langu.

Ureno, mwaka 1497, Wayahudi walibatizwa kwa nguvu. Mwaka 1917 mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, ambaye ni Myahudi, alifika mji wa Belmonte milimani akakuta familia zinazosali kwa siri, sala zikirithishwa na wanawake, kutoka mama hadi binti. Hawakumwamini alipojitambulisha. Kwa karne zote zile walidhani wamebaki wao tu duniani. Bibi mmoja akamwambia, basi tusomee sala yenu. Akasoma Shema, sala kuu ya Kiyahudi. Alipofika kwenye neno Adonai, yaani Bwana, wanawake wale waliziba macho yao kwa mikono, na bibi yule akawaambia wenzake kwamba huyu ni Myahudi kweli, maana analijua jina. Lilikuwa neno pekee la Kiebrania walilobaki nalo.

Sasa nije kwa Watemplari. Hawakuwa chama cha siri. Walikuwa watawa wapiganaji, walioanzishwa Yerusalemu karibu mwaka 1119, wenye hati za Papa, mashamba, ngome, na kazi kubwa ya kutunza na kusafirisha fedha za watu. Mfalme Filipo IV wa Ufaransa alikuwa na shida ya fedha. Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307 aliwakamata kote katika ufalme wake, akawatuhumu kumkana Kristo, kutemea mate msalaba na kuabudu kichwa. Paris walihojiwa 138, na 134 wakakiri hili au lile, baada ya mateso au wakiyatazamia. Mwaka 1310 wengi walijitokeza kuutetea utawa wao, na tarehe 12 Mei 54 kati yao wakachomwa nje ya Paris kwa sababu waliyakana maungamo yao ya kwanza. Kesho yake Aimery de Villiers-le-Duc, aliyekuwa amewaona wenzake wakipelekwa kwa mikokoteni, aliwaambia makamishna wa Papa kwamba kwa hofu ya moto ule angekiri hata kuwa yeye ndiye aliyemwua Bwana. Hadithi zote za "ibada ya siri ya Watemplari", pamoja na kile kichwa ambacho makala yenu imekichorea picha, zimechimbuka kwenye maungamo hayo. Mwandishi anayetumia maneno yaliyotolewa kwa mateso kama habari za kuaminika amekaa upande wa mtesaji, ajue asijue.

Wengine nitawapita haraka. Warosikrusi walianza kwa kijitabu kilichochapishwa Kassel mwaka 1614, kikitangaza udugu ambao hakuna aliyeweza kuupata. Johann Valentin Andreae, mchungaji wa Kilutheri aliyehusishwa na maandishi hayo, baadaye aliyaita mchezo. Frimasoni wa London walichapisha katiba yao mwaka 1723, ikauzwa madukani. Iluminati walianzishwa na profesa Adam Weishaupt mjini Ingolstadt tarehe 1 Mei 1776, wakapigwa marufuku Bavaria mwaka 1784 na tena 1785, na serikali ikazinasa karatasi zao na kuzichapa mwaka 1787. Hawakutimiza hata miaka kumi na miwili. Mimi mwenyewe sipendi viapo vya gizani na singemshauri Mkristo kuapa hivyo. Papa Klementi XII aliwakataza Wakatoliki kujiunga na Frimasoni mwaka 1738, na baadhi ya sababu zake naziona za haki. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1743 John Coustos, fundi wa vito, alikamatwa Lisbon na kuteswa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu wazushi, kwa kuwa Frimasoni tu.

Na njama za kweli zipo. Mwezi Machi 1981 polisi wa Italia waliikuta kwa Licio Gelli, karibu na Arezzo, orodha ya wanachama wa P2, loji, yaani tawi, ya Frimasoni iliyokuwa imegeuka kuwa mtandao wa vigogo: majina 962, wakiwamo mawaziri, wabunge, majenerali na wakuu wa ujasusi. Serikali ikaanguka, bunge likaunda tume, sheria ikatungwa. Njama ya kweli ilikuwa na jina, nyumba, sanduku la karatasi na mahakama. Mwandishi wenu hakuitaja hata kidogo, ingawa ndiyo pekee ambayo ingempa ushahidi mezani.

Ngazi ilijengwa na nani, basi? Mwaka 1797 padri Augustin Barruel, aliyekimbia mapinduzi ya Ufaransa, alichapisha kitabu kikubwa kinachodai kwamba mapinduzi yale yalipangwa na wanafalsafa, Frimasoni na Iluminati. Yeye ndiye aliyewaunganisha na Watemplari, na hata na wazushi wa kale. Mwaka 1806 alipokea barua kutoka kwa mtu aliyejiita Simonini, ikimwambia amewasahau wakubwa wa wote, Wayahudi. Wazo hilo lilizunguka Ulaya karne nzima. Mwaka 1903 gazeti moja la Saint Petersburg, Znamya, likachapisha "itifaki" za mkutano wa siri wa Wayahudi wa kutawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likaonyesha, aya kwa aya, kwamba maneno yale yamenakiliwa kutoka kijitabu cha Kifaransa cha 1864 kisichohusu Wayahudi hata kidogo. Wanazi walijua hivyo na bado wakazigawa shuleni. Gazeti moja liliuleta uongo ule, gazeti jingine likaufichua, na kati yao ilipita miaka kumi na minane. Nakuomba, Mhariri, ulitafakari hilo kama mtu wa kazi hiyo.

Na ile habari kwamba Frimasoni humwabudu Shetani, ambayo makala yenu imeitoa kama "ushuhuda wa aliyetoka ndani"? Aliyeieneza kuliko wote ni Mfaransa aliyejiita Léo Taxil. Kuanzia 1885 alijifanya ameongoka, akaandika vitabu kuhusu ibada za kishetani za Frimasoni, akapokewa na Papa Leo XIII mwaka 1887, kisha akazua binti aitwaye Diana Vaughan, aliyedaiwa kuokoka kutoka kwenye ibada hizo. Waumini waaminifu walimwombea binti huyo. Wakataka kumwona. Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliita mkutano Paris, katika ukumbi wa Jumuiya ya Jiografia. Kwanza alichezesha bahati nasibu ya mashine ya kuchapa. Kisha akapanda jukwaani akasema yote aliyabuni, miaka kumi na miwili, na kwamba Diana Vaughan lilikuwa jina la mchapaji wake. Ukumbi ulilipuka kwa hasira, polisi wakamsindikiza nje. Maelezo ya "ushuhuda" mliochapa yanafanana mno na ya Taxil. Yalikwisha kukanwa na mwenyewe aliyeyatunga.

Msomaji wenu mmoja ameuliza katika barua yake: kama hakuna siri, mbona Vatikani inaficha nyaraka? Swali ni zuri na linastahili jibu. Leo XIII alifungua hifadhi ya Vatikani kwa watafiti mwaka 1881. Hifadhi ya ofisi iliyorithi Inkwizisheni ya Roma ilifunguliwa mwaka 1998. Rejista ya Jacques Fournier, pamoja na mfuko wa Béatrice, ilichapishwa kwa Kilatini mwaka 1965, mabuku matatu. Hati ya Chinon, inayoonyesha kwamba makadinali wa Papa Klementi V walimwondolea Jacques de Molay, mkuu wa mwisho wa Watemplari, adhabu ya kutengwa mwezi Agosti 1308, Vatikani yenyewe ilitoa nakala zake mwaka 2007. Kuna nyaraka nyingi zilizopotea, kwa mfano wakati Napoleon alipozihamishia Paris mwaka 1810 na nyingine zikauzwa kama karatasi chakavu kabla ya kurudishwa. Zilizobaki zinasomeka, kwa mwenye Kilatini na mwenye muda.

Mmetangaza sehemu ya pili ya makala Jumapili ijayo. Naomba mambo mawili. Mkitaja tena ushuhuda ule wa ibada za Shetani, mchape kando yake tarehe 19 Aprili 1897 na alichokisema Taxil siku hiyo. Na mkiwataja Wakathari, nafasi iliyotumika kwa hazina ya Montségur apewe Béatrice de Planissoles. Niko tayari kuwatafsiria ushahidi wake, bila malipo.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia ya Kanisa